Neno la Kumkimbiza Meneja

Kambini, Voi
10 Februari 2025

Mpwa wangu Aqsa,

Nakuandikia nimekalia ndoo, kwa hiyo mwandiko usiucheke. Nimefika salama. Huku joto limekaa kama limelipiwa kodi, na vumbi jekundu limeingia mpaka kwenye mswaki. Msalimie Mama, mwambie zile tende alizonifungia zimefika zote, isipokuwa zile ambazo hazikufika. Msalimie na mama yako.

Simu zetu zilikusanywa siku ya kwanza zikatiwa kwenye kasha. Tutazipata kozi ikiisha, mwisho wa Juni. Najua kwako hiyo si hasara, maana wewe simu ikilia huifunika mto. Barua zako zipeleke ofisi ya mabasi. Zitashushwa kwenye duka la vitunguu hapa barabarani, nami nitazifuata siku za soko.

Sasa kazi yenyewe. Ghala letu la Industrial Area limefungwa likarabatiwe, na kampuni haina pa kuweka mbwa, ndiyo maana kila mlinzi amepeleka wake nyumbani. Meneja ni wangu, na mpaka nirudi ni wako. Ukaguzi ni Jumamosi, tarehe 17 Mei. Bi Mukami, mwenye kampuni, ameshasema: mbwa aliyenenepa, au asiyekamata mwizi akiambiwa, ataondolewa kazini. Mbwa wa ulinzi akiondolewa kazini hapewi saa ya ukutani na kadi ya kumuaga, Aqsa. Hupigwa sindano ya mwisho. Meneja ana miaka saba na unajua anavyopenda kulala.

Mtoe asubuhi mapema na jioni. Wiki ya kwanza atembee robo saa tu, kisha uongeze kidogo kidogo mpaka akimbie. Usimlishe ukamkimbiza papo hapo, ngoja saa mbili, kwa sababu tumbo la mbwa mkubwa hujisokota akafa huku unamtazama. Maji mpe kidogo kidogo. Kabla hamjatoka weka mgongo wa kiganja chako juu ya lami: ukishindwa kustahimili, na nyayo zake hazitastahimili. Na mbavu zake zihesabike kwa vidole, zisihesabike kwa macho. Hilo ndilo umbo la mbwa wa kazi.

Amri zake ni tatu: KIMBIA, KAMATA, ACHA. Zisemwe kwa sauti. Si ile sauti yako ya kuomba chumvi.

Nimekuchagua wewe kwa kuwa Meneja hapendi watu wa maneno mengi. Mimi huku nasomea ukufunzi. Nikirudi nitakuwa mkufunzi wa mbwa, mwenye filimbi.

Mjomba wako,
Kombo


Eastleigh
22 Februari 2025

Mjomba Kombo, shikamoo.

Sisi hatujambo. Goti la Bibi linamuuma akishuka ngazi ila akipanda haliumi, kwa hiyo anasema atapanda tu. Mama yuko dukani tangu asubuhi, shali zimeanza kutoka kwa sababu Ramadhani inakaribia. Mimi shuleni sijambo. Tulipewa insha, “Rafiki Yangu”. Niliandika kurasa nne nikazirudisha kwenye mkoba nikapeleka karatasi tupu. Mwalimu akasema nimesahau. Nikamwambia ndiyo, nimesahau.

Meneja alifika na ilibidi Bibi atoe hukumu mlangoni. Alisimama na bakora yake akasema, “Mbwa wa kazi sina neno naye, dini imemruhusu. Mbwa wa kukaa tu simtaki. Haya, huyu yuko likizo. Mbwa aliye likizo ni wa kazi au si wa kazi?”

Mama akasema labda tumuulize ustadhi. Bibi akasema ustadhi ana mambo mengi, yeye mwenyewe atampa Meneja kazi, na asiingie ndani hata ncha ya mkia. Basi Meneja anakaa juu ya paa, kwenye kivuli cha tangi la maji, na kazi yake ni kulinda nguo za jengo zima zikiwa kambani. Akinilamba mkono naosha mara saba, moja kwa udongo. Udongo wenyewe natoa kwenye kopo la mrehani wa Bibi. Mrehani umeanza kuinama.

Halafu kuna Patrobas, yule msimamizi wa jengo. Alimsikia Bibi akisema “Meneja yuko juu ya paa na hajapewa maji.” Akafunga vifungo vyote vya shati, akapanda na karatasi ya malalamiko ya wapangaji, mengi ya maji. Alimsomea Meneja mpaka la tatu ndipo akatazama vizuri. Anasema ndiye meneja wa kwanza wa jengo hili aliyesikiliza mpaka la tatu.

Mazoezi tunafanya. Tunapanda sana.

Wako,
Aqsa


Kambini, Voi
8 Machi 2025

Mpwa wangu Aqsa,

Ramadhani njema kwenu nyote. Mwambie Mama namkumbuka kila futari, na uji wa hapa ni maji yaliyopita karibu na unga.

Nimesoma barua yako mara mbili. Mnapanda wapi? Eastleigh ni tambarare kama chapati. Ukiniambia mnazunguka mtaa nitakuelewa, ukiniambia mnakwenda mpaka mtoni nitakuelewa. Kupanda sikuelewi. Nifafanulie. Na uniambie kama anatii KAMATA.

Huku masomo yanaendelea. Kila siku mbwa kumi na mmoja. Kuna mtu hapa huvaa koti nene lililojazwa vitambaa na kofia ngumu yenye wavu usoni. Yeye huitwa mwizi. Kazi yake ni kukimbia ili mbwa wamkamate. Watu humwona mwizi kama mtu wa kuchekwa, ila nakwambia, Aqsa, ile ni kazi ya akili. Lazima ujue mbwa gani hukata kona na mbwa gani huja moja kwa moja. Lazima uanguke kwa bega, usianguke kwa kiwiko. Juzi alikimbia mita mia mbili juani, na swaumu, na hakuna aliyempigia makofi.

Mbwa asiye na pumzi humfikia mwizi akiwa amechoka, akamshika vibaya, akamchubua. Mbwa mwenye afya hushika mara moja na safi. Kwa hiyo mazoezi ya Meneja ni huruma kwa mwizi pia. Lifikirie hilo.

Mjomba wako,
Kombo


Eastleigh
26 Machi 2025

Mjomba, shikamoo.

Tumebakiza siku chache tufungue. Bibi anafunga na goti lake. Mama amemaliza shali zote za kijani. Mrehani umekufa, sasa natumia udongo wa kopo la pili, la mchaichai.

Mjomba, nataka kukiri. Sikutoka naye nje. Nilitoka siku ya kwanza tu. Nilifika kwenye duka la simu la kona, watu wakasimama kututazama, mmoja akauliza, “Dada, huyo ni wa nani?” Nikageuka. Ni hatua kama hamsini kutoka mlangoni. Tangu hapo tunakimbia kwenye ngazi za jengo. Ghorofa sita, vidato mia moja na mbili, nimevihesabu. Tulianza mara tatu kwenda na kurudi, sasa ni kumi na nne. Mbavu zake nazihesabu kwa vidole na kwa macho sizioni. Mapaja yamekuwa magumu kama mkate wa juzi. Bibi alijifunza kipimo hicho cha mbavu akampima Patrobas kwa macho kutoka mbali, akasema yule si wa kazi, ni wa kulala tu.

Ngazi zina watu wakati wote. Kila kidato nakutana na mtu na mtungi, mtu na godoro, mtu na mtoto. Nasema “samahani” na wao wanajibana ukutani, Meneja anapita kama upepo, wanajibu “hakuna neno”, mimi namvuta kamba asimame niwapishe, nampa kipande cha biskuti. Halafu tena.

Shida ni kwenye kamba za nguo. Kazi aliyopewa na Bibi ameipenda kupita kiasi. Nguo hazipotei tena, hilo ni kweli. Lakini hata wenyewe hawazipati. Suruali ya Patrobas ilikaa kambani siku nne, kila akiigusa Meneja anaishika mguu mwingine na kutulia. Sasa kila mwenye nguo lazima aje anigongee, twende wote, aniambie ipi yake, mimi nimtolee. Kwa siku naongea na watu kumi na wawili, Mjomba. Mimi. Jana nilimuuliza mtu, “Hii soksi moja ni yako?” bila kutetemeka.

Na nina swali. Umeandika mwizi wenu alikimbia na swaumu. Kwa hiyo anafunga? Mbona unamjua hivyo?

Wako,
Aqsa


Kambini, Voi
14 Aprili 2025

Mpwa wangu Aqsa,

Idd ilipita vizuri, tulichinja mbuzi mmoja, mwembamba, mbavu zake zilihesabika kwa macho. Nimefurahi goti la Mama linavumilia.

Ngazi. Nilikaa na barua yako siku nzima nikitaka kukasirika. Kupanda sikatai, kupanda kunajenga miguu ya nyuma. Kushuka kwa kasi ndiko kunakovunja mabega ya mbwa, hasa mbwa wa miaka saba. Kuanzia leo mpande mbio, mshuke mwendo wa harusi. Na siku mbili kwa wiki mpumzike kabisa. Pumziko nalo ni zoezi. Mwambie Mama hivyo hivyo, kwamba akilala siku hizo yuko kazini.

Lakini ghala halina ngazi, Aqsa. Ukaguzi ni kwenye uwanja, chini. Mzoeshe ardhi.

Nimekuuliza kama anatii KAMATA. Nakuuliza mara ya pili. Hujajibu, na wewe ukinyamaza mimi najua kuna jambo.

Mwizi ni mzima, anakusalimu. Yaani anasalimu watu wote.

Mjomba wako,
Kombo


Eastleigh
28 Aprili 2025

Mjomba, shikamoo.

Bibi hajambo. Mama hajambo. Leo sitakaa sana kwenye habari za nyumbani kwa sababu nimefanya kosa kubwa na lazima ulijue kabla ya tarehe 17.

Meneja hatii KAMATA. Nilijaribu. Nilisema nikiwa peke yangu naye juu ya paa. Akanitazama kama mtu aliyesikia jina la jirani likiitwa. Nikasema KIMBIA, akalala.

Nikadhani basi hajui kitu. Jumatano Millicent wa ghorofa ya pili alikuja kuchukua sare za watoto wake. Alikuwa amekumbatia kikapu, akarudi nyuma, akamkanyaga Bibi mguu. Akasema, “Jamani, samahani, Bibi.” Mjomba, Meneja alikuwa amelala upande ule mwingine wa tangi. Sikumwona akiinuka. Nilimwona tu tayari ameshika kikapu, na Millicent amekining'inia upande wa pili anapiga mayowe. Nilimvuta, wapi. Nilisema ACHA, wapi. Mpaka Bibi akajikaza na mguu wake akasema, “Hakuna neno, mwanangu.” Akaachia hapo hapo. Akaketi, akanitazama mkono, anangoja biskuti.

Umeelewa? Miezi miwili na nusu kwenye ngazi. Mimi nasema samahani, yeye anaruka. Mtu anajibu hakuna neno, yeye anasimama. Nimemfundisha hivyo bila kujua. Neno la kukimbia na kukamata ni samahani. Neno la kuachia ni hakuna neno, nalo halijui kutoka kwangu. Nimelisema mara mia, ananitazama tu. Sijawahi kujibiwa kwa sauti yangu mwenyewe, nadhani ndiyo sababu. Lazima litoke kwa aliyekosewa.

Nilitaka kumwondolea neno hilo. Lakini mimi mwenyewe nalisema mara ngapi kwa siku? Juzi nilihesabu, mara arobaini na moja. Nilimwomba radhi hata mlango.

Tafadhali nijibu upesi. Mweleze Bi Mukami, au mweleze huyo mwizi atakayetumika, ili ajue la kusema.

Wako mwenye kosa,
Aqsa


Kambini, Voi
9 Mei 2025

Mpwa wangu Aqsa,

Nimekwenda dukani siku tatu za soko, barua yako hakuna. Mwenye duka anasema labda basi liliipita. Naomba muwe wazima.

Bi Mukami amekubali wewe usimame na Meneja siku ya ukaguzi kwa kuwa ndiwe uliyekaa naye. Mimi sitakuwapo. Kambi haitoi ruhusa. Nitakuwa mbali kabisa, kwa hiyo usinitazamie wala usinitafute miongoni mwa watu.

Asile kabla. Umpe KAMATA kwa sauti inayosikika. Mwizi atakayetoka usimwonee huruma. Ni kazi yake na ameizoea.

Mjomba wako,
Kombo


Eastleigh
18 Mei 2025

Mjomba, shikamoo.

Bibi mzima. Leo amelala mpaka adhuhuri, na Mama amemkanda goti. Utajua kwa nini.

Umesema jana ulikuwa mbali kabisa. Basi nitakusimulia kama mtu ambaye hakuwapo.

Tulikwenda Industrial Area kwa miguu, mimi, Meneja na Bibi. Bibi alikataa kubaki. Alisema kama mbwa huyu anakwenda kazini anataka kuona kazi kwa macho yake. Alitangulia na bakora anapasua njia, mimi nyuma nimeuma midomo. Kwa sababu ya lile neno, Mjomba. Safari nzima sikuthubutu kulisema. Nilimkanyaga mtu wa mkokoteni, nikamgonga mama wa ndizi kwa kiwiko, nikapita katikati ya watu wawili waliokuwa wakisalimiana, na sikuomba radhi hata mara moja. Mama wa ndizi akasema, “Mtoto wa kike hana adabu hata chembe.” Nilitamani sana kumwomba samahani. Lakini angepoteza mkono.

Bi Mukami ni mtu wa kalamu. Alimpima Meneja kwa mizani, akamtazama nyayo, akampapasa mbavu kwa vidole akasema, “Hizi hapa.” Akaandika. Halafu mizunguko kumi ya uwanja. Meneja alikimbia yote bila kuhema, ila aliinua miguu juu sana kila hatua, kama mtu anayetafuta kidato kinachofuata. Kila mzunguko, akifika kwenye rundo la mbao za kubebea mizigo, alilipanda na kulishuka. Alilishuka mwendo wa harusi, kama ulivyosema. Bi Mukami akauliza huyu amefundishwa wapi. Bibi akajibu kwenye benchi, “Ghorofani.”

Kisha mwizi. Bi Mukami alisema wamemwazima kutoka Voi, amekuja siku moja kabla kwa gari, ndiye bora waliye naye huko. Akatoka nyuma ya ghala na lile koti na kofia yenye wavu, akaanza kukimbia. Na alikuwa ameshika kofia kichwani kwa mkono wa kushoto, ingawa ilikuwa imefungwa kamba mbili chini ya kidevu.

Mimi namjua mtu mmoja tu anayekimbia ameishika kofia yake. Nilikuwa darasa la pili alipokuwa akilifukuza basi la shule na mkoba wangu mgongoni.

“Mwambie,” akasema Bi Mukami.

Nikasema KAMATA, kwa ile sauti ya chumvi. Meneja aliinua pua. Akanusa. Mkia ukaanza kidogo, halafu ukawa mkia mzima, halafu akalala chali akamwonyesha mwizi tumbo. Mwizi akasimama. Akarudi. Akapiga fimbo chini, akamtolea maneno: “Inuka wewe. Meneja gani wewe, karani wewe.” Meneja akapiga chafya ya furaha.

Bi Mukami akasema, “Mbwa huyu anamwona mwizi ndugu yake,” na akafungua kalamu. “Nampa dakika moja.”

Niligeuka kwa Bibi. Nikamwambia polepole, “Bibi, ni yeye.”

“Najua ni yeye. Mimi ndiye niliyemzaa,” akasema Bibi. “Sema neno lako.”

“Atamuuma.”

“Asipomuuma atapigwa sindano. Mwanangu ana koti. Sema.”

Mjomba, sijawahi kupaza sauti maishani. Mabati ya ghala yalinirudishia mpaka nikaogopa ni nani. Nilisema, “Samahani, Mjomba.”

Umeshamwona Meneja akipita ngazini? Hujamwona. Mwizi alikuwa na nafasi ya kukimbia hatua tatu, akatumia moja. Alishikwa mkono wa kulia juu ya kiwiko na akaanguka. Alianguka kwa bega, vizuri sana. Bi Mukami akasema, “Amekamata. Mwambie aache.”

Mwizi mwenyewe akasema ACHA. Akasema acha, wacha, toka, Meneja toka. Barua yangu hakuipata, angejuaje? Koti likaanza kutoa vitambaa. Nikaona damu kwenye kitambaa cheupe. Nami nikaanza kulia, na mimi nikilia kuna neno moja tu linalonitoka, nikasema samahani, Mjomba, samahani, samahani, na kila nikisema Meneja anazamisha meno zaidi.

Bibi alikuwa anapiga bakora chini anaita, “Mjibu mtoto, Kombo, mjibu,” lakini mlinzi mmoja alikuwa anapuliza filimbi na hakuna kilichosikika.

Halafu mwizi akaacha kuvuta. Alinitazama kupitia ule wavu. Hakuwa anajua kitu. Aliona mimi nalia tu. Akasema, “Usilie, mama. Hakuna neno.”

Meneja akaachia. Akaketi. Akamtazama mwizi mkono, kisha akanitazama mimi, anangoja biskuti.

Mjomba, wezi hawaniiti mama.

Amefaulu. Bi Mukami aliandika hivi, niliona: “Nguvu nzuri. Pumzi nzuri. Amri si za kawaida.” Mwizi walimpakia kwenye gari kabla hajavua kofia, na nadhani hakutaka kuivua. Bibi alipita akamtia tende tatu mfukoni.

Ukimwona huko Voi, muulize mkono unaendeleaje.

Aqsa


Kambini, Voi
29 Mei 2025

Mpwa wangu Aqsa,

Naandika kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo safari hii ucheke tu. Barua yako ya tarehe 28 Aprili nimeipata leo, chini ya gunia la vitunguu. Imekaa hapo mwezi mzima. Nimeisoma nimesimama barabarani na nimecheka mpaka nyuzi nne nilizoshonwa mkononi zikaniuma.

Mwizi anaendelea vizuri. Amekula tende.

Siku ya tatu hapa waliuliza nani anaweza kukimbia na kuanguka bila kuvunjika. Nikanyoosha mkono kwanza kuliko wote. Nilidhani ndivyo wanavyochagua wakufunzi. Nikapewa koti. Wenzangu wanapuliza filimbi, mimi nakimbizwa. Miezi minne, Aqsa, nimekuandikia jinsi ya kumkimbiza mbwa, na mbwa ndio wanaonikimbiza mimi.

Ningeweza kukwambia. Lakini nyumba nzima mnajua kazi nilizopitia, na kila moja Mama huuliza kama hiyo nayo ni kazi. Ni wewe tu hujawahi kuuliza. Nilitaka ubaki na mjomba mmoja mwenye filimbi.

Nimekudanganya. Kwa hilo naandika lile neno hapa chini. Usilisome kwa sauti, nakuomba, jengo lina watoto.

Samahani.

Mjomba wako,
Kombo


Eastleigh
8 Juni 2025

Mjomba, shikamoo.

Ghala limefunguliwa na Meneja amerudi kazini. Kuna ngazi za chuma za kwenda juu ya tangi la maji, walinzi wanasema kila zamu anazipanda na kuzishuka mwenyewe bila kuambiwa. Wameonywa wote kuhusu maneno. Wamekuwa watu wasioombana radhi, na Bi Mukami anasema kazi inakwenda vizuri zaidi.

Kwetu paa limekuwa wazi. Wiki ya kwanza tu zilipotea shuka mbili. Na watu wameendelea kunigongea, hata ambao hawana nguo kambani. Bibi alikaa siku tano akitazama lile tangi, siku ya sita akampigia simu Bi Mukami, akamuuliza, “Huyo mbwa hana likizo?” Akaambiwa Jumapili. Kwa hiyo Jumapili Meneja yuko kwetu, na hana kazi yoyote aliyopewa, na hakuna aliyemuuliza Bibi hukumu yake.

Leo ni Jumapili. Nilimsomea Bibi barua yako huko juu, kwa sauti. Ndiyo, kwa sauti. Meneja alikuwa ameshika mguu wa suruali ya Patrobas tangu asubuhi, na Patrobas amekaa pembeni anangoja. Nilipofika kwenye lile neno nililiruka, nikamwonyesha Bibi kwa kidole.

Bibi alivaa miwani. Alilitazama muda mrefu kuliko neno lenyewe lilivyo refu. Halafu akaishusha barua mapajani, akaiambia, si mimi, barua yenyewe:

“Hakuna neno, mwanangu. Hiyo nayo ni kazi.”

Na Meneja akaiachia suruali.

Wako,
Aqsa